Figaro ya 1991: ya Uingereza au ya Japani? Na kwa nini zinaoza mapema zikishafika Unguja?

#1 UpepoWaKizimkazi
Asalaam alaykum. Swali hili linarudi kila mara na kila mara linajibiwa nusu, kwa hiyo naliwekea uzi wake. Nissan Figaro, ile ndogo ya 1991 yenye paa la turubai. Zilitengenezwa 20,000, zote usukani wa kulia. Leo unazipata sehemu mbili: Japani kwenyewe, na Uingereza, ambako zilipelekwa nyingi mitumba kwa kuwa nao wanapita kushoto kama sisi.

Dai langu: ukinunua ya Uingereza umenunua kutu. Ikishuka Unguja, misimu miwili ya upepo wa kusi inatosha kuitoboa sakafu. Ya Japani inadumu. Wenye ujuzi wanipinge au waniunge mkono, lakini kwa sababu, si kwa "nasikia". Pia naomba hatua zote za kuileta hadi inapewa namba ya Z, yaani ya Zanzibar. Injini yake ni cc 987 na hilo najua lina maana kwenye ushuru.

#2 WakalaMalindi
Wa alaykum salaam. Nianze na ushuru, kwani watu wengi wanaangukia hapo.

Hesabu haianzi na bei uliyolipa kwa muuzaji. Inaanza na CIF: bei ya gari, bima, na nauli ya meli. Juu ya CIF unapiga ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki, 25%. Halafu ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini: mpaka cc 1000 ni 0%, cc 1001 hadi 2000 ni 5%, zaidi ya 2000 ni 10%. Hapo ndipo Figaro inapona, kwa cc 13 tu.

Lakini usishangilie mapema. Kuna ushuru wa uchakavu. Kwa hesabu ya Bara, gari iliyopita miaka 10 inapigwa 30%, na inapigwa juu ya CIF pamoja na ushuru wa forodha. Chukua mfano wa CIF dola 6,000. Forodha 1,500, jumla 7,500. Injini 0. Uchakavu 2,250, jumla 9,750. VAT inapigwa juu ya hiyo 9,750, si juu ya 6,000.

Zanzibar VAT ina sheria yake, na viwango vyetu vinapita Baraza la Wawakilishi kwenye sheria ya fedha ya kila mwaka. Kwa hiyo usichukue kikokotoo cha Bara ukakifanya msahafu. Peleka nambari ya chesisi, mwaka na cc kwa wakala, akuombee makadirio ya maandishi KABLA hujatuma pesa Japani.

#3 Mkunazini88
Kwa hiyo Figaro inalipiwa kidogo kuliko Vitz ya cc 1300? Basi kesho naagiza.

#4 WakalaMalindi
@Mkunazini88 taratibu, yakhe. Kwenye mstari wa injini, ndiyo, ni kidogo. Lakini uchakavu wa 30% ni mkubwa kuliko ile 5% mara sita. Tena Figaro nzuri bei yake ya kununulia imepanda kote duniani. Na modeli kama hii ikikosekana kwenye orodha ya bei za forodha, ofisa anakwenda kwenye Jedwali la Nne la Sheria ya Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004: anaanza na bei uliyolipa kweli, akiitilia shaka anatazama gari za aina ile ile zilizowahi kuingia, kisha zinazofanana. Ndiyo maana ankara, risiti ya benki na tangazo la kuuzia viwe na tarakimu zile zile. Pakitofautiana hata dola 200 umempa sababu ya kuweka bei yake.

#5 BatiNaPuti
Nampinga mwenye uzi. Kutu haina uraia. Figaro inaoza sehemu zile zile popote ilipotoka: vizingiti chini ya milango, matao ya magurudumu ya nyuma kwa ndani, sakafu chini ya kapeti la mbele, sakafu ya buti, na vikombe vya juu vya shokomzoba. Za Uingereza zimeoza vibaya kwa sababu barabara zao zinamwagwa chumvi ya mawe wakati wa baridi. Lakini nyingi zimeshachomelewa upya, na nyingine zimepigwa nta ndani ya bodi. Ya Japani inakuja na bati lake la asili lisilo na kinga yoyote. Hiyo ndiyo inayoliwa haraka hapa.

Kingine cha kukagua, nakiandika kwa msisitizo maana mafundi wanapotoshana. Ukipita na sumaku kwenye madigadi ya mbele ya Figaro haitashika. Hiyo si puti, ile ya kuzibia bati lililooza! Madigadi ya mbele yametengenezwa kwa plastiki tangu kiwandani. Sumaku itumie kwenye vizingiti na matao ya nyuma. Pale ikiteleza, ndipo pana puti. Funika sumaku kwa kitambaa chembamba usikwaruze rangi, na pitisha polepole kwenye ukingo wa chini wa kizingiti, sentimita tano kutoka chini, ndipo wanapoficha.

#6 BintiMwera
Kuhusu za Uingereza, kuna jambo mnalisahau. Zile gari zina historia ya ukaguzi wa kila mwaka, MOT, na unaisoma bure kwenye tovuti ya serikali yao kwa kuandika namba ya gari tu. Rekodi zinarudi mpaka 2005. Muuzaji akikataa kukupa namba ya gari, mwache.

Namna ya kusoma: usitazame "imefaulu" peke yake. Tazama maonyo yaliyo chini yake. Mwaka mmoja wameandika "kutu kidogo, kizingiti cha kushoto nyuma". Mwaka wa pili "kutu". Mwaka wa tatu imefeli kwa tundu. Wiki ile ile imefaulu. Maana yake imechomelewa haraka ili ipite. Kisha linganisha kilomita. Nyingi zimebadilishwa zisome maili, na kwenye rekodi utaona mwaka mmoja tarakimu imeruka vibaya. Mara nyingi ni kubadilisha kipimo, si wizi, lakini uliza.

Na mwaka! Karatasi yao ya usajili, V5C, inaonyesha pia tarehe gari iliposajiliwa Uingereza kwa mara ya kwanza. Figaro iliyoingia kule 2004 itakuwa na tarehe hiyo, ingawa imetengenezwa 1991. Usije ukatangaza 2004 forodhani ukafikiri umepata nafuu. Chesisi FK10 inajulikana, na kutangaza mwaka usio wa kweli ni kosa. Muuzaji akate kipande cha V5C/4 cha kusafirisha nje kabisa akipeleke kwa mamlaka yao ya usajili, kilichobaki kije na gari.

#7 KusiJambiani
Ndugu zangu, mnazungumza chumvi ya Uingereza na chumvi ya bahari hamuisemi.

Chumvi kavu haili bati. Inakula ikilowa. Chumvi ya kawaida inaanza kunyonya maji hewani unyevu ukifika kama 75%. Unguja usiku unyevu uko juu ya hapo karibu mwaka mzima. Tena chumvi ya bahari ina magnesiamu kloridi ndani yake, na hiyo inanyonya kuanzia kama 33%. Kwa hiyo bati lenye vumbi la bahari hapa halikauki kabisa, hata mchana wa kaskazi. Kule Uingereza chumvi inamwagwa miezi ya baridi tu, halafu mvua inaosha.

Ndiyo maana pwani ya mashariki, Paje, Bwejuu, Jambiani, gari inakwisha kwa kusi: upepo unaleta mvuke wa mawimbi usiku kucha. Gari ile ile ikilala Mwera au Kizimbani inachelewa sana. Asili ya gari ni jambo dogo. Jambo kubwa ni wapi inalala.

#8 Chake_K10
Salamu kutoka Pemba. Nakubaliana nusu na @KusiJambiani, lakini Japani nayo si moja. Hokkaido, Aomori na Niigata wana theluji na wanamwaga chumvi barabarani, pamoja na kalsiamu kloridi inayonyonya maji hata hewa ikiwa kavu, kama 30%. Okinawa ni kisiwa cha bahari kama sisi. Gari ya Shizuoka, pasipo theluji nyingi, ni kitu kingine kabisa. Kwa hiyo "ya Japani" haitoshi. Uliza mkoa ilikosajiliwa mwisho, unasomeka kwenye kibao cha namba kwenye picha, na mnada ulikofanyika.

Karatasi ya mnada ndiyo jicho lako. Kwenye mchoro wa gari kuna herufi na tarakimu:
A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni bati lililonyooshwa na kupakwa rangi, S ni kutu ya juu, C ni kutu iliyokula ndani, X ni sehemu inayotakiwa kubadilishwa, XX imeshabadilishwa. Tarakimu 1 ni ndogo, 2 ni kati, 3 ni kubwa. S1 kwenye buti naichukua. C2 kwenye kizingiti siigusi. Alama ya jumla 4 au 3.5 kwa gari ya 1991 ni nzuri. R au RA ni gari iliyowahi kugongwa ikatengenezwa. Na maelezo ya mkono chini ya karatasi yatafsiriwe yote, kwani kutu ya chini ya gari mara nyingi inaandikwa pale kwa maneno, haimo kwenye mchoro.

#9 Mkunazini88
Lakini si Wajapani wanalazimishwa kutupa gari ikifika miaka kumi? Ndiyo maana bei rahisi.

#10 Chake_K10
@Mkunazini88 hapana, hilo limeenea lakini si kweli. Hakuna sheria ya kutupa. Wana ukaguzi unaoitwa shaken, kwa gari ndogo za binafsi ni kila miaka 2 baada ya ule wa mwanzo, na ni ghali. Tena gari ya petroli ikipita miaka 13 kodi yake ya mwaka inapanda. Mwenye gari anapiga hesabu, anauza. Kwa Figaro hilo halileti urahisi, wapenzi wake wapo Japani kwenyewe na wananunua kwa bei.

#11 BatiNaPuti
@KusiJambiani maelezo ya unyevu nimeyasoma mara mbili, yana mashiko. Lakini yanaacha jambo moja. Ziko gari zinazolala Mwanakwerekwe, mbali na mawimbi, na zimeoza kuliko za Jambiani. Kwa nini?

Jibu langu: maji ya kisima. Ardhi yetu ni mawe ya matumbawe, visima vingi karibu na pwani vina maji ya magadi na chumvi. Gari inapelekwa kuoshwa mara mbili kwa wiki, inapigwa presha chini, maji yale yanaingia kwenye vizingiti na hayatoki. Mwenye gari anadhani anailinda, kumbe kila wiki anaitia chumvi ndani ya chuma kwa mpira wa presha. Gari isiyooshwa chini kabisa inapona kuliko hiyo.

#12 KusiJambiani
@BatiNaPuti Mwanakwerekwe kuna bomba la maji matamu kwa wengi. Nadhani unachokiona ni maji ya mafuriko ya masika. Gari ndogo ya tairi za inchi 12 ikipita dimbwi la mtaani, sakafu inaloa, kapeti linakaa na maji wiki nzima. Inua kapeti la gari yoyote iliyopita masika na unuse.

#13 BintiMwera
Hiyo ya kapeti ni kweli, na kwa Figaro ina sababu ya pili. Paa la turubai likichoka kwenye mshono, na mifereji ya pembeni ya paa ikiziba kwa majani ya mwarobaini, maji yanashuka nyuma ya viti mpaka sakafuni. Hayo ni maji ya mvua, hayana chumvi hata kidogo, na bado yanatoboa. Kwa hiyo nadharia zote za chumvi zijibu hilo.

#14 WakalaMalindi
Mimi naleta mkosaji wa tatu: safari.

Meli nyingi kubwa za magari zinashusha Dar. Kutoka Dar gari inavushwa, na kama imekaa sitaha ya wazi ya meli ndogo ya mizigo, inapigwa na maji ya bahari njia nzima. Ikifika Malindi inakaa uwanjani ikisubiri karatasi, chini haijaoshwa. Chumvi imekaa wiki kwenye bati ambalo halina kinga. Halafu tunasema "imekuja na kutu".

Figaro ni mita 3.74 kwa urefu na 1.63 kwa upana. Kontena la futi 20 lina mita kama 5.9 ndani, kwa hiyo inaingia moja kwa raha. La futi 40 lina kama mita 12.03, Figaro tatu ni 11.22. Zinaingia tatu sakafuni zikifungwa vizuri, magurudumu yamezuiwa kwa vibao vya mbao vilivyopigiliwa. Wanunuzi watatu wakichangia, nauli kwa kila mmoja inakaribia ya meli ya wazi na gari inafika kavu.

Karatasi ziwe hivi: BL, yaani hati ya shehena ya meli, iseme mwisho wa safari ni Zanzibar, si Dar, la sivyo utahangaika kuihamisha. Jina la mpokeaji liwe kama kwenye kitambulisho. Cheti cha Japani cha kufuta usajili kwa ajili ya kusafirisha, pamoja na tafsiri yake. Cheti cha ukaguzi wa ubora wa barabarani kwa ajili ya ZBS, taasisi ya viwango ya Zanzibar, kipatikane kabla gari haijapanda meli, kwani kukitafuta gari ikiwa imeshafika ni gharama na siku za uwanja zinahesabiwa. Nambari ya chesisi isomwe kwenye chuma chenyewe na ilingane herufi kwa herufi na karatasi zote.

#15 Mkunazini88
Maposti kumi na nne ya kutu na gari bado haijawashwa. Injini nani anaijua?

#16 GiaTatu
Shukran @Mkunazini88, nilikuwa nasubiri hapo.

Injini ni MA10ET, silinda nne, kabureta haina, ina sindano za mafuta na tabo, nguvu 76. Gari nzima ni kama kilo 810. Gia oto ya hatua tatu. Msingi wake wote ni Nissan March K10, kwa hiyo spea nyingi za chini zinatafutwa kwa jina hilo, usiulize "Figaro" dukani wakakupandishia bei.

Ikitoka bandarini usiiendeshe mpaka ufanye haya:
Mkanda wa taiming ubadilishwe hata kama muuzaji kasema umebadilishwa. Mpira unazeeka kwa miaka, si kwa kilomita tu. Ukifungua hapo badilisha na wota pampu na sili za mafuta za mbele, kwani kazi ya kufungua ni ile ile.
Mipira yote ya vakyumu, ile myembamba ya milimita 3 hadi 4, toa yote weka ya silikoni. Mmoja ukipasuka gari inatikisika ikiwa sailensa, yaani ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, mafundi wanaanza kubadilisha sindano bure.
Mafuta ya injini na chujio kila kilomita 5,000, usivute zaidi. Tabo inapozwa na kulainishwa na mafuta hayo. Ukitoka njia ndefu, Nungwi mpaka mjini, acha injini iungurume dakika moja kabla ya kuzima. Ukizima ghafla mafuta yanaungua ndani ya shafti ya tabo na kuganda.
Rejeta itolewe, ioshwe ndani, na ubadilishe termostati. Usiitoe termostati ukaiacha wazi. Gari haitafika joto lake, kompyuta itaendelea kumwaga mafuta mengi na plagi zitakuwa nyeusi.
Jaribu feni: iache isimame ikiunguruma kwenye jua mpaka feni iwake yenyewe. Isipowaka, swichi ya joto kwanza, halafu fyuzi, halafu mota.

Kipoza hewa: gari za 1991 zinatumia gesi R12. Kuhamia R134a si kujaza tu. Mafuta ya zamani ya kompresa yatolewe, yawekwe ya esta, chujio la unyevu libadilishwe, oringi zote zibadilishwe, mfumo uvutwe hewa nusu saa au zaidi, kisha gesi ijazwe kwa uzito wa kama 80 hadi 85% ya ile ya R12 iliyoandikwa. Wakijaza sawa na ya zamani presha inapanda na kompresa inakufa.

#17 Chake_K10
Nyongeza kwa watu wa Pemba. Huku ni vilima. Gia tatu na cc 987 kwenye vipandio vya huku, kipoza hewa kimewashwa na watu wanne ndani, joto la mafuta ya gia linapanda. Mafuta ya gia ya rangi nyekundu yakigeuka kahawia na kunuka kuungua, bendi zimeshaanza kuliwa. Badilisha kila kilomita 20,000 huku, usisubiri kitabu.

Kwa Pemba nashauri Pao badala ya Figaro. Nissan Pao, 1989 hadi 1991, chesisi PK10, cc 987 ile ile bila tabo, ina kabureta, na inapatikana kwa gia za mkono hatua tano. Milango mitano, maumivu machache. Ushuru wa injini ni ule ule 0%.

#18 GiaTatu
@Chake_K10 Pao ni milango mitatu, pamoja na wa nyuma. Mengine sawa. Ila kabureta yake ni ya kudhibitiwa kwa umeme. Ikichoka, fundi wa kabureta za kawaida haiwezi. Wengi wanaishia kufunga nyingine, halafu unywaji wa mafuta unapanda. Kwangu mimi sindano za Figaro zina matatizo machache.

#19 Chake_K10
Ahsante, milango mitatu. Kabureta tutabishana siku nyingine.

#20 SajiniWaTairi
Tairi mnazisahau na ndizo zitakazokulaza njiani. Figaro inavaa 165/70 R12. Madukani hiyo adimu. Iliyojaa ni 145 R12 ya kirikuu, ile pikapu ndogo ya mizigo. Kwa kipenyo zinakaribiana sana: 165/70 R12 ni kama milimita 536, na 145/80 R12 ni kama 537. Spidomita haitadanganya. Lakini ile ya kirikuu imetengenezwa kubeba mizigo, mbavu zake ni ngumu, ni nyembamba kwa milimita 20, na kwenye lami iliyoloa breki inateleza mapema. Ukilazimika, usijaze upepo ulioandikwa wa kubebea mzigo. Gari ya kilo 810 itaruka kama jiwe kwenye kila shimo.

Rimu za kirikuu ambazo duara la nati zake ni milimita 114.3 haziingii kabisa: Figaro ni nati nne kwa duara la milimita 100. Rimu za inchi 13 za Toyota zina nne kwa 100 lakini tundu la katikati ni 54.1 na kitovu cha Nissan ni kikubwa zaidi, hazikai. Tafuta za March K11 za inchi 13, na uvae 155/65 R13, kipenyo kama 532. Geuza usukani mpaka mwisho pande zote ukiwa na watu ndani, uone kama haigusi madigadi.

#21 FiatMbweni
Samahani kuingilia. Fiat 500 ya zamani kutoka Italia, usukani wa kushoto, inasajilika?

#22 WakalaMalindi
@FiatMbweni usilipe mpaka ofisi ya usajili ikupe jibu la maandishi. Na hata ikikubalika, kuna ugumu wa barabarani. Taa za gari ya kushoto zimepinda mwanga kwenda kulia, kwetu ni machoni mwa anayekuja, zote mbili zibadilishwe. Na kulipita daladala unatoka nje gari nzima kabla hujaona mbele. Zilitengenezwa pia za usukani wa kulia kwa soko la Uingereza. Tafuta hiyo.

#23 BintiMwera
Na wanaotaka Mini ile ya zamani, Japani ziko nyingi zilizopelekwa mpya miaka ya 90. Hizo za mwisho ni cc 1275, kwa hiyo zinaangukia 5%. Ya cc 998 iko 0%. Gia na injini zinatumia mafuta yale yale, 20W-50, kila kilomita 5,000 bila kukosa. Distribyuta iko mbele kabisa nyuma ya grili, ikipiga mvua ya masika inazima. Iwe na kifuniko cha mpira, na nyaya za plagi ziwe mpya. Kutu yake itafute kwenye fremu ndogo ya nyuma, ile inayoshika magurudumu. Ikishaoza ndani, kwa nje bado inaonekana nzima, gonga kwa bisibisi.

#24 UpepoWaKizimkazi
Nawashukuru nyote. Nimeingia na dai moja sasa nina wakosaji watano: chumvi ya Uingereza, ya Hokkaido, ya kusi, ya kisima, na ya safarini, na bado maji matamu ya mvua. Swali la vitendo: gari imefika, bado nzima. Kinga ipi? Mjini wanapiga oili chafu chini.

#25 BatiNaPuti
Oili chafu hapana! Inalainisha na kuvimbisha mipira ya bushi, ina asidi na vyuma vya injini ndani yake, inadondoka barabarani, na vumbi linanata juu yake likishika unyevu.

Fanya hivi, na ufanye kaskazi, wakati hewa kavu kidogo. Toa kapeti lote na viti. Osha chini kwa maji ya bomba, siku mbili mfululizo, mpira uingie ndani ya vizingiti mpaka maji yanayotoka yawe safi. Acha juani siku tatu, milango na buti wazi, plagi za mpira za sakafu zimetolewa. Kwangua kutu iliyolegea, paka kigeuza kutu chenye asidi ya fosforasi, kiache kikauke. Kisha rangi ya epoksi ya msingi, mikono miwili. Ndani ya vizingiti piga nta ya kimiminika kwa mpira mwembamba wenye pua inayotawanya pande zote, ukianzia mwisho na kurudi nyuma polepole. Lita mbili zinatosha Figaro nzima pamoja na milango. Lami nyeusi ya kupaka chini usiiweke juu ya bati bichi. Ikipasuka kidogo tu maji yanaingia nyuma yake na huoni tena.

#26 KusiJambiani
Nakubali yote, ila nta kwa joto letu. Gari ikisimama juani nta ya bei rahisi inayeyuka na kutiririka kwenye mashimo ya kutolea maji, ikipoa inayaziba. Hapo umefunga maji ndani kwa mkono wako. Baada ya wiki moja pitisha waya kwenye kila tundu la chini la milango na vizingiti. Mimi ningechagua ya lanolini, haigandi.

#27 BatiNaPuti
Lanolini inaoshwa na presha. Kila mwaka urudie.

#28 KusiJambiani
Basi urudie kila mwaka, kabla ya kusi kuanza. Nta nayo inataka kukaguliwa.

#29 GiaTatu
Kuhusu kisima, kuna njia ya kupima badala ya kubishana. Kipimo cha mkono cha kupitisha umeme kwenye maji, ni kidogo kama kalamu. Maji ya bahari yanasoma kama mikrosimensi 50,000. Maji matamu ya bomba yanasoma mamia. Nendeni na kipimo kwenye sehemu tatu za kuoshea gari, Mwanakwerekwe, Amani na Jambiani, muweke namba hapa.

#30 BatiNaPuti
Mwanakwerekwe nitapima mie. Pima pia maji yanayotoka kwenye tundu la kizingiti baada ya kuosha, si yale ya mpira peke yake.

#31 Mkunazini88
Amani nachukua mimi. @WakalaMalindi wakati huo huo, wa kuchangia kontena la futi 40 tuko wangapi? Mie nataka ile ya kijani.